Babu Aliyeitwa Fundi

Wesley Vondracek alipofika Tolliver, chuo cha watu weusi kule Alabama, alikuwa anatembea kama mtu anayeomba radhi. Mimi ndiye niliyepangiwa kulala naye chumba kimoja, kwa hiyo nilimwona kabla ya wengine: kijana mrefu, maji ya kunde, nywele zimekatwa ovyo utadhani aliyezikata alikuwa anakimbizwa. Kila akifika mlangoni alisimama kwanza, kana kwamba anangoja kuulizwa anatafuta nini.

"Mimi Odell Mabry," nikamwambia. "Kwetu Uniontown, hapa hapa jirani. Wewe je?"

"Omaha," akasema. Kisha akaongeza haraka, "Omaha kaskazini."

Omaha ni mji wa mbali, lakini upande wake wa kaskazini wanakaa weusi wenzetu, hilo kila mmoja alilijua, basi nikaridhika. Juwan Pickens wa chumba cha pili, mtoto wa Memphis mwenye mdomo usiojua kupumzika, akaja kusoma jina lililobandikwa mlangoni.

"Vondracek! Jamaa, sisi wote hapa majina yetu ni ya mabwana waliowamiliki babu zetu, lakini huyo bwana wako alitokea wapi?"

Tukacheka mpaka tukashika mbavu. Wesley naye akacheka, ila hakujibu. Tangu siku hiyo tukamwita Omaha, naye akaitika.

Ukweli wake tuliujua baadaye sana. Alitoka kwenye shamba la mahindi na ng'ombe, mbali na Omaha, karibu na mji mdogo ambako mtu mweusi alikuwa yeye peke yake. Baba yake alikuwa askari, mtu wa kwetu huku Kusini, akafa kwenye ajali ya gari kabla mwanawe hajazaliwa. Mama yake, binti wa Kizungu wa pale shambani, aliugua akafariki mtoto akiwa bado mdogo. Aliyemlea ni baba wa mama, mzee Emil Vondracek, Mzungu wa asili ya Kicheki, mjane, mtu wa maneno machache. Alimfundisha kuendesha trekta na kumzalisha ng'ombe. Nywele alimnyoa mwenyewe jikoni, huku akinung'unika, "Nisamehe mwanangu, sijui ninachokifanya." Na mzee huyo huyo ndiye aliyemtuma Tolliver. Alimwambia, "Nenda ukakae na watu wa baba yako. Kuna mambo mimi siwezi kukufundisha."

Basi akaja, na Tolliver ikamfungua. Siku ya pili tu, Lamar, aliyekuwa akinyoa watu bwenini kwetu, alimkalisha kwenye kiti, akamzunguka kichwa mara mbili na kuguna. "Nani alikufanyia hivi? Nitajie nimshtaki." Alipomaliza, Wesley alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu sana mpaka Lamar akamwambia aondoke, kuna foleni. Aliniambia siku moja kwamba wiki ile ya kwanza alikaa alasiri nzima kwenye benchi mbele ya kanisa la chuo, bila kufanya lolote, akifurahia tu kwamba watu wanapita na hakuna anayegeuka kumtazama. Kule kwao, hata dukani alikoingia tangu utotoni, vichwa viligeuka.

Akaanza kuzungumza darasani. Akajiunga na kwaya, akagundua ana sauti nene. Akajifunza kula samaki wa kukaanga na uji mzito wa mahindi asubuhi, na sukuma wiki iliyopikwa na nyama ya nguruwe ya moshi, na kubishana huku mdomo umejaa kama sisi wengine. Lakini kadiri alivyozidi kuwa wetu ndivyo yule Omaha wa uongo alivyozidi kunenepa. Akampa mtaa, akampa binamu, akampa kanisa na mchungaji mwenye kitambi. Nadhani mwanzoni aliogopa tutamcheka. Baadaye akaogopa kwa sababu alishasema.

Ikaja sikukuu ya Kurudi Nyumbani, mwaka wetu wa pili. Ni wakati ambao waliosoma Tolliver hurudi na watoto na wajukuu, bendi inapita barabarani, moshi wa majiko unafunika uwanja mzima. Jumamosi asubuhi tulikuwa chumbani kwetu, Juwan, Lamar, Wesley na mimi, tunavaa. Wesley alikuwa anamwigiza mkuu wa chuo anavyotembea, sisi tumeanguka vitandani kwa kicheko. Mlango ukabishwa. Juwan akafungua.

Alikuwa Mzungu mzee, amevaa ovaroli safi iliyopigwa pasi, kofia mkononi, na sanduku la kadibodi chini ya kwapa.

"Hatimaye!" Juwan akapiga makofi. "Fundi wa bomba! Mzee, tumeomba tangu Septemba. Karibu, sinki ni lile pale, linalia tip tip usiku kucha, huyu Odell anaota yuko mtoni."

Mzee alikuwa anamtazama Wesley, na uso wake ulikuwa tayari umeanza kutabasamu. Mimi nilidhani mzee anangoja kuelekezwa. Wesley alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono bado imewekwa nyuma kama ya mkuu wa chuo. Aliishusha taratibu.

"Ni lile la kushoto, mzee," akasema. "Linavuja."

Neno lake lilikuwa hilo tu. Maisha yake yote alikuwa akimwita Babu.

Mzee akavaa kofia yake. "Haya," akasema. "Tuone."

Akaweka sanduku juu ya meza yangu, akatoa koleo mfukoni, akapiga magoti mbele ya sinki. Alifungua bomba, akatazama kipira kilichokwisha, akakata kingine kwa kisu kutoka kwenye kipande cha mpira alichokuta chini ya sinki. Huku anafanya kazi alituuliza majina, mmoja mmoja, na kwetu ni wapi. Juwan akamweleza Memphis yote. Mimi nikamwambia Uniontown.

"Na wewe, kijana?" akauliza bila kugeuka.

"Omaha, mzee."

"Omaha," akasema. "Pazuri."

Alipofungua maji na kuyafunga, hayakudondoka tena. Juwan akashangilia. Mzee akapangusa mikono kwenye ovaroli, akalisukuma lile sanduku kwangu. "Humo ndani mna vitu vya kula. Mimi vimenizidi." Kisha akatuaga wote kwa majina, hakukosea hata moja, na Wesley, mzee alimwita Omaha kama tulivyomwita sisi. Akaenda zake.

Ndani ya sanduku mlikuwa na soseji za kukaushwa kwa moshi na maandazi ya Kicheki yenye jamu ya plamu katikati. Tulikula tukamsifu fundi. Wesley alisema tumbo linamuuma, akatoka. Baadaye alinieleza kwamba alikimbia mpaka maegesho ya mbele, akazunguka hadi ya nyuma, akapita katikati ya bendi, watu wakamtukana. Gari la babu yake hakuliona. Mzee alikuwa ameendesha siku mbili kuja, na sasa alikuwa ameshashika njia ya kurudi.

Alimpigia simu siku ile alipokadiria kuwa ameshafika.

"Babu..."

"Bomba linavuja bado?"

"Hapana, Babu."

"Vizuri. Yule ndama wa mwisho amepona jicho." Akaendelea na habari za ng'ombe mpaka wakaagana.

Sisi hatukujua lolote mpaka muhula uliofuata, kwenye somo la historia la Daktari Eulalie Prather. Mama huyu alikuwa mfupi, mwenye miwani minene, na alituogopesha kuliko mkuu wa chuo. Alitaka kila mmoja asimame aeleze habari za mtu aliyemlea. Juwan alimweleza bibi yake, darasa likacheka na kulia. Ikafika zamu ya Wesley. Alishika ukingo wa meza.

"Mimi sitoki Omaha," alianza, na akasema yote. Shamba, mama, kunyolewa jikoni. Akafika kwenye ile Jumamosi.

Juwan akasimama. "Yule fundi?" akauliza. "Yule alikuwa babu yako? Ukaniacha nimpigishe magoti babu yako mbele ya sinki?"

"Niliogopa, Juwan."

"Uliogopa nini? Sisi? Mjinga wewe! Mama mzaa bibi yangu ana macho ya bluu kwenye picha, na hakuna anayejua yalitoka kwa Mzungu gani, wala hakuna aliyemwuliza mama aliyemzaa kama alimtaka Mzungu huyo. Wewe unaye wako anayekupenda, anakuletea maandazi, unamwita fundi! Mimi nimeyala yale maandazi!"

"Keti, Bwana Pickens," Daktari Prather akasema. Akamgeukia Wesley. "Babu yako umemwomba radhi?"

"Bado, mama."

"Basi hii kazi hujaimaliza. Sitakupa alama mpaka uimalize."

Juwan alikaa wiki mbili bila kumsemesha. Kisha siku moja akaingia chumbani na sahani ya samaki, akaiweka mbele ya Wesley, na kusema, "Kula, mtoto wa mkulima." Wakawa marafiki kuliko zamani. Na Wesley akawa mtu mwingine, hilo naweza kulishuhudia. Hakujificha tena. Alizungumza kwa sauti moja kila mahali, na kwaya, na walimu, na wasichana. Picha ya mzee ikakaa juu ya meza yake.

Lakini kwa mzee mwenyewe maneno yalikataa. Likizo ya kiangazi alikwenda shambani akiwa ameyapanga. Walikuwa wanatengeneza ua wa waya. Akasema, "Babu, ile siku ya chuoni..."

"Nishikie huo waya."

Akaushika. "Babu, nataka kusema..."

"Nilikusikia unacheka," mzee akasema, macho yake kwenye koleo. "Nilikuwa bado ukumbini, sijabisha mlango. Nilisimama kidogo nikasikiliza. Hapa sijawahi kukusikia ukicheka vile. Ningejitambulisha nikakiharibu kicheko chako?" Akakaza waya. "Vuta zaidi kwako."

Wesley akavuta. Aliniambia kwamba hapo ndipo alipopaswa kuangusha waya na kumkumbatia. Alifikiri atafanya hivyo jioni. Jioni mzee akalala mapema, kesho yake kukawa na kazi nyingine. Alimwomba aje Tolliver kwenye sikukuu iliyofuata, tutamwekea kiti, Juwan ameapa kumbeba mabegani. Mzee akasema ataona, kama mavuno yatamruhusu. Mavuno hayakumruhusu. Akamwomba aje kwenye mahafali. "Nitaona," akasema.

Mwezi Februari wa mwaka wetu wa mwisho, jirani mmoja alimkuta mzee Emil zizini, ameegemea mlango, moyo umesimama.

Tulikwenda wanne kwa gari la Lamar, tukipokezana usukani. Sijawahi kuona theluji nyingi namna ile wala upepo wenye dharau kama ule. Kanisani vichwa viligeuka kututazama, kama Wesley alivyosema, lakini akina mama wa pale walitulisha viazi na nyama mpaka tukashindwa kuinuka. Mmoja wao, Bi Marlene Kucera, jirani wa shamba la pili, akaja mezani kwetu akitutazama mmoja mmoja.

"Juwan ni nani kati yenu? Ni wewe? Nilijua. Emil alisema unaongea kama redio. Na Odell wa Uniontown?"

Nikainua mkono.

"Alitusimulia safari yake ile kwa miezi. Jinsi mlivyompokea. Mkampa kiti cha mbele bendi ilipopita, mkamlisha samaki, mkamtambulisha kwa walimu wote. Alisema Wesley alimshika mkono akamzungusha chuo kizima, kila anayekutana naye anamwambia, huyu ndiye babu yangu." Akamgusa Wesley begani. "Umemfanyia jambo kubwa sana, mwanangu. Alikuwa na fahari mpaka akatuchosha."

Juwan, mwenye mdomo wake, alitazama sahani. Wesley alisema, "Asante, mama," akainuka taratibu, akasogeza kiti chake mahali pake, akatoka nje bila koti.

Nilimfuata nikamkuta kando ya ukuta wa kanisa, ameuegemeza uso wake kwenye matofali. Nilimvika koti langu.

"Aliniandalia hata ya kusema," akaniambia. "Aliwaza ningemfanyia nini kama ningekuwa na adabu, akawaambia hivyo."

"Alikusamehe, Wes."

"Hakukasirika. Afadhali angekasirika, ningejua pa kuanzia."

Tulisimama mpaka Lamar akaja kutuita, kwa kuwa ng'ombe walikuwa hawajalishwa na giza linaingia. Tukaenda tukawalisha. Wesley alitupigia kelele tuinue majani hivi, tusisimame nyuma ya yule mwekundu anapiga teke, na sisi vijana wa Kusini tukateleza kwenye barafu tukicheka bila kutaka.

Mei ile alimaliza Tolliver kwa alama za juu. Daktari Prather alimpa alama ya lile somo, ila alimwambia wazi kwamba anampa kwa huruma. Sasa ni mwalimu kule Montgomery, mwalimu mzuri, ana mke na watoto wawili, na mbele za watu anasimama wima. Tunapokutana tunazungumza mengi. Ile Jumamosi hatuitaji.

Ila nikimkumbuka, namkumbuka njiani tukirudi kutoka kwenye mazishi. Tulipotoka tu shambani alianza kusema. Pale ndipo Babu alipozamisha trekta. Pale alinifundisha kuogelea, yeye mwenyewe hajui. Wimbo aliokuwa akiimba akikamua, mzaha wake mmoja tu aliokuwa nao na jinsi alivyousimulia vibaya. Kansas ikapita, Missouri ikaanza, bado anasema, na hakuna aliyemkatiza, hata Juwan. Miaka minne yote tulikuwa tukimsimulia juu ya watu wetu, naye anatusikiliza. Sasa ilikuwa zamu yake, na aliendelea hadi sauti ikamkauka.