Kofia Zilizoombea Kisima

Jumatano, tarehe 5 Juni. Asubuhi hii mvua imekoma, lakini mahindi ya jirani yamesimama ndani ya maji ya kahawia, na joto limeshaanza kupanda kabla ya chai.

Usiku wa jana niliota bomba la jikoni likikohoa.

"Shikamoo, bibi," likasema.

"Marahaba. Kifua kinakubana?"

"Nimeitwa bungeni kutoa ushahidi juu ya kisima chenu. Nisindikize, naogopa."

Sikushangaa. Tunaishi katika nyumba ya kupanga katikati ya mashamba, kwenye jimbo moja la Marekani ambako mahindi ni mengi kuliko watu, na maji yetu hutoka kisimani. Mjukuu wangu Yudita, kichanga bado, hunywa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji hayo. Wiki iliyopita mwalimu wetu wa shule ya jioni ya Kiingereza alinipa pakiti ya vikaratasi vyeupe vya kupimia maji. Vikigeuka rangi ya waridi, maji yana naitreti, chumvi ya mbolea isiyo na rangi wala harufu, inayomkosesha mtoto mchanga hewa mwilini hadi midomo igeuke buluu. Mkwe wangu Melkiori alicheka. "Mama, maji haya yanang'aa kama kioo! Yangekuwa na ubaya, serikali si ingetukataza?" Nikaiacha pakiti dirishani bila kuifungua. Badala ya kupima, mimi na wenzangu wa maombi tukakiombea kisima.

Basi tunapita kwenye tundu la sinki, mimi na bomba, tunatokea bungeni.

Viti vyote vimekaliwa na kofia. Ni kofia za wauza mbegu, zile wanazovaa wakulima wa huku, safi kabisa, na chini yake hakuna vichwa. Kofia Kuu inagonga meza.

"Sheria yetu ni moja. Hapa kila kitu ni kwa hiari."

Kwenye kona kipimajoto kimelazwa chali, kimefungwa kamba.

"Kimekosa nini?" nauliza.

"Kilikuwa kinapanda," inajibu Kofia Kuu. "Kikilala hakipandi."

Mvua inaingia ikihema. Inaulizwa kwa nini imesomba mbolea ya watu hadi visimani.

"Zamani nilinyesha kidogo kidogo, wazee wangu. Siku hizi joto linanisukuma, nashuka yote kwa siku moja."

Kwa kusikia neno joto, kofia zote zinajivuta zizibe masikio. Kwa kuwa hazina masikio, zinaanguka sakafuni. Karani anaandika kwamba kikao kilikuwa tulivu.

Kisha anaitwa Naitreti. Haonekani, lakini kiti chake kinalia kwa uzito.

"Bwana Naitreti, tunakuomba utoke majini kwa hiari."

"Nashukuru kwa heshima hiyo. Nitalifikiria."

Makofi yanapigwa, sijui kwa mikono gani.

"Mwaka jana ulisema hivyo hivyo," bomba linanong'ona.

"Na mwaka huu nalifikiria kwa bidii zaidi," anajibu Naitreti. Makofi tena.

Hapo namwona Yudita amelala juu ya meza ya Kofia Kuu, kakumbatia chupa yake ya maziwa. Midomo yake ina rangi ya wino.

"Mtoto wangu!" napiga kelele. "Mnyang'anyeni hiyo chupa!"

"Wewe si ni wa shule ya jioni?" inauliza Kofia Kuu. "Utasema jioni. Sasa ni asubuhi. Waheshimiwa, tumwombee mtoto."

Kofia zinainama. Mimi huamka alfajiri kusali tangu nikiwa kambi ya wakimbizi Kigoma, sala naijua. Ile haikuwa sala. Ulikuwa mfuniko wa sufuria, wa kuficha kilichomo.

Ndipo kikaratasi cheupe kinasimama katikati ya ukumbi.

"Baki mweupe kwa hiari," Kofia Kuu inakibembeleza, "tukupe kiti."

Kikaratasi kinamtazama Yudita. Kinazitazama kofia. Kinaona haya kwa niaba ya ukumbi mzima, na kinaanza kuiva, kuanzia chini hadi juu.

Nikaamka.

Nilikwenda jikoni bila viatu. Pakiti ilikuwa dirishani, gundi yake haijaguswa. Niliichana. Vikaratasi vyote vilikuwa vyeupe, isipokuwa kimoja: rangi ya waridi, kimelowa.

Melkiori alikuwa kwenye sinki, anakinga maji kwa chupa ya mtoto.

"Lete hapa," nikasema.

"Mama, analia njaa!"

Nikachovya kikaratasi kingine ndani ya chupa. Tukangoja. Kikafanana na mwenzake.

Melkiori hakucheka. Binti yangu Spesiyoza alisimama mlangoni na Yudita begani, na nyuma yake Mama Generoza, aliyekuja kunipitia twende kwenye maombi.

"Kisima tumekiombea sana," Mama Generoza alisema polepole.

"Tumekiombea. Na Mungu amejibu, jibu lake hili hapa." Nikamimina maji yale kwenye sinki, bomba likakohoa, nikainua mkono. "Mbele za Mungu na mbele yenu nyote: mtoto huyu hanywi tena tone la kisima hiki. Na kesho jioni, kwenye kikao cha maji cha kaunti, nitasimama na vikaratasi hivi mkononi na kusema, hata Kiingereza changu kichechemee. Na sitaketi kwa hiari."