Boga Lililobabuliwa Kama Kichwa cha Mbuzi

Mama mkwe hakuja mikono mitupu. Alishuka garini na sufuria yake, kisu chake na mwiko wake, vyote vimefungwa kwenye kitambaa kama vifaa vya mganga, na boga kubwa amelikumbatia kifuani kama mjukuu. Akaliweka boga mezani, akaketi, akakataa chai kwa sababu ina maziwa, kisha akamtazama mkwewe kuanzia viatu kwenda juu, taratibu, kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga iliyovuja.

Mkwe mwenyewe alikuwa muuza nyama, bucha yake mbele, nyumba yake nyuma. Mtaa mzima ulimwita Robo, maana kwa miaka thelathini hakuwahi kumsalimu mtu bila kuongeza, "Robo au nusu?" Hata msibani aliwahi kumpa mfiwa mkono wa pole, ulimi ukateleza, akamuuliza. Mfiwa naye kwa machungu yake akajibu, "Nusu."

"Nimekuja kumchukua mwanangu," alisema mama mkwe. "Atakaa kwangu mpaka hiyo plasta itoke."

"Plasta ni miezi miwili, mama," Robo akasema.

"Najua kuhesabu."

Mwana anayesemwa alikuwa kakaa pembeni, mkono wa kulia umefungwa plasta kuanzia vidoleni hadi kiwikoni. Aliteleza kwenye maji jikoni, na tangu siku hiyo alikuwa akipika kwa mkono mmoja. Watu walimwita Mama Pacha, ingawa hao pacha walishaota ndevu na kwenda zao.

"Mama, mimi sijambo," alisema.

"Unamenya viazi umevibana kwa magoti, halafu hujambo? Na huyu mwanaume anatazama?"

Robo hakutazama, kusema kweli. Kila mfupa wa ng'ombe aliujua kwa jina, lakini jiko la nyumbani kwake alilijua kama mtu anavyoijua benki: unafika dirishani, unapewa, unaondoka. Sufuria zinakaa wapi, chumvi ni ipi na sukari ni ipi, hayo yalikuwa mambo ya wenyewe.

Lakini miezi miwili! Robo alikuwa na tabia moja ambayo hakuna aliyeijua ila mkewe. Kila jioni, akishanawa mikono, humsimulia habari za wateja wa siku hiyo: nani kaja kununua mifupa ya mbwa na hana mbwa, nani kaomba nyama laini kwa mume asiye na meno. Mama Pacha hucheka kabla hajafika mwisho, kwa kuwa anamjua, na hucheka pale pale panapostahili. Bila kicheko kile, siku ya Robo ilikuwa kama haijafungwa, kama bucha iliyoachwa wazi mbwa waingie.

"Nitapika mimi," sauti ikasema. Robo akageuka kutazama ni nani huyo mwendawazimu. Alikuwa yeye.

Mama mkwe akalisukuma boga mbele yake.

"Haya. Kesho mchana. Nikila nikashiba kwa raha zangu, mwanangu anabaki. Nisipokula, jioni tunaondoka wote wawili. Masharti unayajua: sili chenye mama, wala kilichotoka kwa mama. Nyama, maziwa, mayai, samli, asali."

"Asali nayo ina mama?"

"Nyuki hawana malkia? Yeye ni nani yao, shangazi?"

 Kwa jambo hilo Robo hakuwa na haki ya kubishana.

Miaka kumi na mmoja nyuma, mama mkwe alikuwa na ng'ombe wake aliyeitwa Bibi Harusi, kwa madaha yake ya kutembea, mwenye pembe moja iliyopinda ikaelekea sikioni kama mtu anayesikiliza simu. Uzee ulipomfika, mama mkwe alimuuza kwa mtu aliyemhakikishia kuwa anakwenda kupumzika shambani kwake. Wiki iliyofuata alikuja kumtembelea binti yake. Akapewa supu. Akanywa mabakuli mawili, akamsifu mkwewe kwamba nyama ya leo ina utamu wa kipekee. Alipotoka kwenda kunawa, akaiona ile pembe, imeegemezwa ukutani nyuma ya bucha.

Robo hakujua. Alinunua ng'ombe kwa dalali kama wanavyonunua wote. Lakini toka siku hiyo mama mkwe hakula tena chenye mama, na toka siku hiyo akimsalimu Robo, husalimia kama anayeripoti kituoni.

Asubuhi Mama Pacha alimpa mumewe maelekezo. "Baba Pacha, ni kazi ya mtoto hii. Likate vipande, limenye, lichemshe na kitunguu, nyanya, tangawizi. Likiiva liponde, tia karanga za kusaga, ionje chumvi. Basi. Mbegu usitupe, zioshe, zikaushe, zikaange bila mafuta."

"Basi?"

"Basi. Na kisu cha bucha kisiliguse. Mama ana pua."

Robo alilibeba boga mpaka uani nyuma ya bucha, mbali na macho ya wanawake, maana mwanaume akijifunza hapendi kutazamwa. Mkono wenyewe, kwa mazoea, uliliweka kwanza kwenye mizani. Kilo nane na robo. "Na halina hata mfupa," akasema kwa heshima.

Kisu cha mama mkwe kilikuwa kijisu cha kumenyea machungwa. Boga lilikitazama, nusura licheke. Robo alilibamiza kwenye jiwe la kufulia likapasuka vipande viwili. Nusu akaifunika kwenye beseni, nusu akaikatakata. Mpaka hapo, mambo safi. Ila kumenya! Ganda lilikuwa gumu kama soli ya kiatu. Akimenya, kisu kinateleza. Akibana kwa magoti kama alivyomwona mkewe, kipande kinaruka hadi kwenye mfereji. Nusu saa ikapita, ana kipande kimoja kilichomenyeka na vidole viwili vilivyochunika.

Ndipo akakumbuka kazi yake. Kichwa cha mbuzi kina manyoya, na hakuna mtu mwenye akili anayeyanyoa kwa wembe. Kinawekwa motoni, kinababuliwa, halafu unakwangua. Boga lina nini cha kujidai mbele ya mbuzi?

Jirani yake alikuwa muuza mkaa, mtu mweusi kwa kazi na mwekundu kwa macho, wanamwita Jivu. Robo akaazima jiko na wavu, wavu akausugua kwa mchanga na ndimu mpaka ukang'aa, akapanga vipande ganda likiangalia chini. Kwa kuwa moto ulikuwa mwingi na yeye hapendi kupoteza, akatupia humo humo vitunguu vizima na nyanya.

Jivu akaja, mikono kiunoni.

"Bwana, unachoma boga?"

"Nalibabua."

"Lina manyoya?"

"Jivu, shughulika na mkaa wako."

"Mimi nimeuza mkaa miaka ishirini, sijawahi kuona mtu anababua mboga. Mkeo anajua?"

"Hajui, na hatajua." Robo akalegeza sauti. "Nimeshindwa kumenya, bwana. Ukimwambia mtu, utakula maharage mpaka kiama."

Vipande vikageuka vyeusi kwa nje, pembeni vikaanza kutoa jasho la sukari. Robo akavikwangua kwa kijiko, ganda likaachia kama limeombwa. Jivu akaonja kidogo, akatikisa kichwa.

"Si mbaya. Lakini supu bila mfupa ni maji ya kunawia. Sikiliza." Akaingia bucha, akachukua kipande cha mfupa juu ya gogo, akakiviringisha kwenye karatasi, akakisokomeza kwenye mfuko wa suruali ya Robo. "Dakika tano tu. Ukichemka unautoa. Mfupa una ushahidi gani? Hausemi."

Jikoni, sufuria ya mama mkwe ikichemka, Robo alisimama na mfupa mkononi. Mvuke ulimpiga usoni. Chumba cha pili alisikia mama mkwe akimwambia binti yake, "Nguo zako nimezikunja. Tukiondoka saa kumi tutafika kabla ya giza." Mkono ukashuka karibu na maji. Dakika tano. Nani atajua?

Yeye. Yeye angejua. Mara ya kwanza alimlisha yule mama nyama ya Bibi Harusi bila kujua, na hilo mtu anaweza kulala nalo. Mara hii angekuwa macho kodo. Akaukunja mfupa kwenye karatasi yake, akaurudisha mfukoni pamoja na leso, akatia karanga, akakoroga, akamwachia Mungu.

Mezani mama mkwe alianza kwa ncha ya kijiko, kama mtu anayeonja dawa. Akatulia. Kijiko cha pili kikajaa. Cha tatu kilikwenda haraka kidogo. Bakuli likaisha, akalisogeza, akajaziwa. Robo alikaa kwenye ukingo wa kiti. Bakuli la pili likafika katikati, mama mkwe akaweka kijiko chini.

"Hii supu," alisema taratibu, "ina mfupa."

"Mama, haina."

"Mimi nimekula boga miaka sabini. Boga halina ladha hii. Hii ina moshi, ina uzito, inakaa mdomoni. Hivi hivi ndivyo ilivyokuwa ile nyingine." Hakusema ile ipi. Hakukuwa na haja.

"Mama, haki ya Mungu." Jasho likamtiririka Robo. Akaingiza mkono mfukoni, akaitoa leso kwa nguvu, na leso haikutoka peke yake. Mfupa ukaruka kutoka kwenye karatasi, ukagonga mguu wa meza, ukabingirika, ukaenda kutulia kwenye kidole gumba cha mama mkwe kana kwamba umefika nyumbani.

Mama mkwe akaurudisha mguu wake nyuma. 

"Na huyu," akauliza mama mkwe, "ni nani?"

  Aliyeinama ni Mama Pacha. Aliuokota mfupa kwa mkono wake mzima, akaunusa, akauminya kwa kidole.

"Mbichi," alisema. "Tazama, una damu. Mke wa muuza nyama hafundishwi mifupa, mama. Huu ungeingia sufuriani ungetoka mweupe."

"Huyu alibaki. Ndugu yake ndiye aliyeingia."

Mama Pacha akauweka mfupa pembeni. Akafikiri. "Nusu ya boga ipo uani. Apike tena, wewe umekaa hapo hapo unatazama. Ikitoka hivi hivi, basi."

Robo badala ya kufurahi akaanza kujikuna sikio. Mkewe akamwona. Miaka thelathini, sikio lile halikuwahi kukunwa bila sababu.

"Baba Pacha. Umefanya nini?"

"Hakuna."

"Nitazame. Umeweka nini kwenye supu ya mama?"

"Sikuweka kitu! Nili..." Akatazama sakafu. "Nililibabua."

"Ulilini?"

"Nililibabua. Kama kichwa cha mbuzi. Lilikataa kumenyeka."

Mama Pacha aliuma mdomo, mabega yakaanza kumtikisika. Mama mkwe hakucheka. Alisimama, akajifunga kitambaa chake kiunoni, akasema, "Twende nione."

Akakalia debe la mkaa, wavu mbele yake, na kila alichokishika Robo alikinusa kwanza. Akanusa wavu. Akanusa mikono ya Robo mpaka kwenye viwiko. Akamnusa hata Jivu, aliyekuja kuchungulia, akamwambia akaoge. Robo akapanga vipande, vitunguu, nyanya, na kwa aibu akawa anaeleza kazi yake kwa sauti ya chini, kwamba moto usiwe na ndimi, kwamba ukigeuza mapema ganda linagoma, kwamba utamu wa kitu chochote upo pale kinapokaribia kuungua na hakijaungua. Alikuwa hajawahi kumweleza mtu mambo hayo. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mbegu zilikuwa zinapasuka kwenye kikaango pembeni. Mama mkwe akachota gao la kiganja, akazitafuna moja moja, macho hayatoki motoni. Supu ilipoiva akaionja pale pale uani, wamesimama wote. Akaonja tena. Akaimaliza.

"Haina mfupa," alisema.

"Nilikuambia, mama."

"Uliniambia, na mimi nikashika ya zamani. Yule mnyama, kumbe hukumjua."

"Sikumjua, mama. Ningemjua, angekufa kwa uzee kwangu humu humu."

Mama mkwe akaitikia kwa kichwa, mara moja, akapangusa kinywa. "Basi mwanangu atabaki."

Robo akashusha pumzi iliyokuwa imekaa kifuani tangu jana.

"Na mimi nitabaki," akaendelea mama mkwe. "Mpaka plasta itoke. Huko kwangu nani atanibabulia? Kesho boga jingine, keshokutwa tutajaribu na biringanya."

Robo akamgeukia mkewe, mdomo umefunguka, na kabla hajatamka neno Mama Pacha alikuwa ameshaangua kicheko, pale pale panapostahili.

Asubuhi iliyofuata, Jivu alimkuta jirani yake anapima boga jipya kwenye mizani, mbele ya mteja aliyefuata maini.

"Vumilia, bwana," alimwambia. "Wahenga walisema, ukipenda boga, penda na ua lake."

"Nalipenda," alisema Robo, akalishusha boga kwa uangalifu. "Ila mwenzangu, umewahi kuona ua linalokuja na mwiko wake?"

Kutoka dirisha la jikoni sauti ikaita, kavu, isiyo na haraka. "Mkwe wangu! Boga la leo liko wapi?"

Robo akanyoosha mgongo. "Robo au nusu, mama?"

"Zima."