Herkules ya Mado

Mado hakuwa mtu wa kununua vitu visivyoliwa. Ndiyo maana siku aliyorudi nyumbani Lewisville na boksi la ndege ya plastiki, mumewe Audace aliligeuza mara tatu kana kwamba anatafuta tarehe ya mwisho wa matumizi. Juu ya boksi palichorwa Herkules, ndege ya mizigo ya jeshi yenye injini nne. Ndani mlikuwa na vipande zaidi ya mia mbili, vingine vidogo kuliko punje ya mchele, na bawa moja lilikuwa limejipinda kwa uzee.

Ilikuwa Septemba 2019. Kule Houston daktari alikuwa amesema wazi kwamba presha ya macho ya mzee Zéphyrin, baba yake Mado, haishikiki tena. Kufikia mwaka mpya huenda asione kitu. Mzee huyo alikuwa fundi wa Herkules katika jeshi la Zaire, kabla ya vita, kabla ya miaka kumi na tisa ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kabla ya chumba cha nyuma huko Houston, nyumbani kwa mwanawe Nathanaël. Kikosi chake kilikuwa na sheria moja. Ndege ikitoka karakana, fundi aliyeitengeneza ndiye anayepanda kwanza kuijaribu, ili kama amelipua kazi, imlipukie mwenyewe. Mara mbili mzee alimpakia Nathanaël, mtoto wa miaka saba. Mado, aliyekuwa na kumi, aliachwa chini ameshika viatu vya mdogo wake. Aliambiwa ndege si ya wasichana, na neno hilo halikumtoka.

Kwa hiyo tusidanganyane. Mado hakutaka tu baba aione tena ndege yake. Alitaka aione kabla macho hayajafunga, na ajue ni nani aliyeijenga.

Alikuwa anafanya kazi zamu ya jioni katika ghala la kurekebisha simu, hivyo asubuhi zilikuwa zake. Meza ya kulia ikageuka karakana. Audace akala ugali sahani ikiwa mapajani wiki nenda wiki rudi, akilalamika kidogo ili tu isemwe kwamba alilalamika. Bawa lililopinda Mado alilitumbukiza kwenye maji ya moto, akalinyoosha kwa vidole huku ameuma meno. Nusu mbili za mwili hazikutaka kukutana. Katikati palibaki ufa unaoingia kucha. Akaujaza puti, akapiga msasa, akajaza tena, akapiga tena. Siku ya nne ufa ukasalimu amri.

Kila Jumapili baada ya ibada alimpigia baba yake.

"Ambia Audace asisahau ule mlango wa ubavuni," mzee alisema.

"Papa, si Audace. Ni miye niko natengeneza."

"Sawa, sawa, maman. Lakini umwambie."

Alimwambia hivyo Jumapili tatu, na mara zote tatu mzee alicheka kama mtu aliyesikia utani wa mke anayejitwalia kazi ya mumewe. Mara ya nne Mado hakumsahihisha tena. Mikono itasema, alijiambia, ingawa jambo hilo lilimuuma.

Jambo lingine alilolishikilia mzee ni kuhusu karatasi ya maelekezo. "Achana nayo. Ni ya watu hawajawahi kugusa avion. Nitakuelezea yote, una-note tu." Mado alimwamini moja kwa moja. Nani ajue Herkules kuliko yeye? Karatasi ikawa kitambaa cha kupangusia brashi.

Rangi ilimtesa. Kijani cha kwanza alikipuliza barazani siku ya upepo, kikakauka na vipele kama ganda la chungwa. Aliibandua rangi yote mpaka plastiki ikabaki uchi, akaanza upya: kijani, kahawia, kijani, kila mpaka ukizibwa kwa utepe. Mara ya pili ilitulia. Mlangoni akamsimamisha mtu mdogo wa plastiki, akampaka ovaroli la bluu na masharubu kwa ncha ya sindano. Huyo alikuwa baba.

Siku kumi kabla ya Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani ya kushukuru, alibandika magurudumu, akangoja gundi ishike, akaisimamisha mezani. Pua ikapanda juu taratibu, mkia ukashuka, na Herkules ikakaa kitako kama mbwa anayengoja mfupa.

Audace, ambaye hana adabu, alicheka mpaka akashika ukuta.

Mado aliivuta ile karatasi yenye madoa ya rangi. Hatua ya nne, picha ilikuwepo, haihitaji Kiingereza: weka uzito puani kabla ya kuifunga. Baba hakukosea. Ndege aliyoijua yeye ilibeba uzito wake puani, vyombo na marubani. Haikuwahi kuhitaji kuongezewa. Hii ilikuwa na hewa tupu. Mado aliingia bafuni akalia kwa hasira, akanawa uso, akatoka.

"Mado," Audace alisema, sasa kwa upole, "si tu-glue kijiti chini ya mkia? Nani ata-notice?"

"Papa."

"Papa haoni vizuri."

"Ndiyo maana atapapasa."

Akachukua kisu akaikata pua aliyoihangaikia miezi miwili. Kisu kikapita mpaka kwenye kidole gumba. Alifunga kidole akaendelea. Akajaza puani risasi za kuzamishia ndoano, akafunga, puti, msasa, rangi. Safari hii alipoiachia, magurudumu yote yalikanyaga meza.

Alhamisi ya sikukuu, Audace aliendesha gari zaidi ya saa nne hadi Houston. Mado alishika boksi mapajani njia nzima na kumkemea kila walipogonga tuta.

Mzee Zéphyrin alikuwa kitini karibu na dirisha. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha. La kushoto liliona kivuli tu. Kijani chote kile, kahawia yote ile, na Mado alikuwa amechelewa. Hata hivyo aliiweka ndege mikononi mwa baba yake.

Mzee hakuishika kama mtu anayeshika zawadi. Aliikagua. Vidole vilipita injini moja moja, vikapanda mkia, vikashuka mgongoni polepole vikitafuta ule ufa, visiuone. Vilipofika puani vikasimama.

"Hapa ilifunguliwa."

"Ndiyo, Papa. Haikuwa na uzito."

"Ikafungwa vizuri. Audace, umejua kazi."

"Mimi?" Audace alisema. "Papa, mimi hata kufungua gundi sijui. Ni Mado, tangu day one. Alikwambia."

Nathanaël alisimama mlangoni na sahani mkononi. Mzee akanyoosha mkono, Mado akampa wake, naye akaupapasa: gundi iliyokauka kuchani, kovu jipya la gumba.

"Kisu?"

"Kisu, Papa."

Vidole vyake vikarudi kwenye ndege, vikafika mlangoni, vikamkuta yule mtu mdogo.

"Na huyu ni nani?"

"Ni weye, Papa."

Mzee alimng'oa. Mado alisikia mlio mdogo wa gundi ikiachia.

"Mi sikutengeneza hii avion," mzee alisema, akimtia yule mtu mfukoni mwa shati. "Sheria unaijua. Uko na mwingine?"

Alikuwa naye, kwenye kopo la vifaa alilokuja nalo, wa kijivu, hajapakwa rangi. Machozi yalimzuia Mado kuona mlango.

"Usiharakishe," baba yake alisema, na akaikamata Herkules kwa mikono miwili, imara, kama anavyoshika msaidizi wa fundi. "Mi nashika. Weye panda."