Robo ya Mwisho ya "Mlinzi wa Tangi"

Usiku wa jana niliota, jambo ambalo kwa kawaida silitangazi. Mimi ni mkutubi. Nimesoma vitabu vya kutosha kuhusu ndoto kujua kwamba waandishi wake hawakubaliani hata juu ya maana ya kuota jino limeng'oka. Hii ninaiandika kwa sababu ina kasoro moja ambayo mpaka sasa sijaweza kuieleza.

Kwanza, yaliyotangulia. Nimo katika kundi la watu tisa wa hapa Morogoro ambao, kila tukitazama filamu, tunaandikiana maoni kwa simu na kutoa nyota, kuanzia moja hadi tano. Kanuni zetu ziliandikwa na Mwalimu Ngereza, aliyefundisha kemia kwa miaka thelathini, na ya kwanza inasema kuwa asiyeimaliza picha hana maoni. Juzi tulialikwa ukumbini kutazama "Mlinzi wa Tangi", ambamo mdogo wangu Mwajabu ameigiza kwa mara ya kwanza maishani mwake. Ilionyeshwa mara moja tu. Bado haijaanza kuuzwa. Ukumbi ulikuwa na joto. Nililala kabla Mwajabu hajatokea, nikaamshwa na makofi. Niliporudi nyumbani niliandika kundini: "Nyota tatu. Robo ya mwisho imebeba picha nzima." Ni sentensi niliyokwisha kuitumia kwa picha kumi na moja, na haijawahi kuniangusha.

Jana jioni Mwajabu alinipigia.

"Kaka, hiyo robo ya mwisho ndiyo mimi. Umenionaje?"

"Maoni ya maana hayatolewi mbiombio," nilimjibu.

"Basi nakupa mpaka kesho. Kuna mwongozaji mwingine ananitaka, na saa tatu asubuhi anataka jibu. Wewe hujawahi kunisifia hata uji, kwa hiyo ukisema nafaa, nitaamini. Ukisema sifai, narudi zangu duka la dawa. Wala sitalia."

Nilipanda kitandani nikiwa na jambo hilo kichwani.

Niko mlangoni pa ukumbi, ila mlango ni ule wa maktaba yangu. Ndani, Mwalimu Ngereza ameketi nyuma ya meza ya kurudishia vitabu. Nyota zangu tatu ziko kwenye benchi, zimebana magoti kama wagonjwa wanaosubiri majibu ya vipimo.

"Hizi ni zako?" Mwalimu ananiuliza.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Zinasema hazijui zilitolewa kwa sababu gani."

"Mimi naona aibu hata kuwaka," inasema nyota ya katikati. "Wenzangu wananiuliza nimepewa kwa lipi, nabaki natazama chini."

Ninaieleza kwamba, kwa desturi, nyota hazihojiwi. Mwalimu hanisikilizi. Anaita shahidi, na kiti cha plastiki cha bluu kinaingia kwa miguu yake minne, mmoja ukiwa umepinda. Ndicho nilichokikalia.

"Huyu alilala," kinasema. "Aliye macho hukaa, aliyelala humwagika. Huyu alimwagika kuanzia dakika ya sabini, na mate yakafuata."

"Shahidi asizidishe," nasema.

"Sijazidisha. Mkono wangu wa kulia mpaka leo haujakauka."

Mwalimu anaandika yote hayo kwa kalamu nyekundu. Kisha anainua macho.

"Wewe ndiye uliyesema robo ya mwisho imebeba picha nzima?"

"Ni mimi."

"Basi nenda ukamtue. Amesimama nje tangu juzi."

Nageuka, na rafu za vitabu hazipo tena. Ni mchana, niko kwenye uwanja wa vumbi chini ya tangi kubwa la maji. Mbele yangu amesimama mwanamke wa makamo mwenye kitambulisho shingoni kilichoandikwa ROBO YA MWISHO. Kichwani, juu ya kata, ana mzigo wa ukubwa wa nyumba ya vyumba viwili, uliofungwa kwa shuka. Mguu wa mtu umechomoza upande mmoja.

"Habari za kazi?" nasema.

"Nzito. Wewe ndiye uliyenitwisha?"

"Mimi nilisema tu."

"Nyie mkisema, sisi tunabeba. Robo ya kwanza mlisema inakwenda taratibu. Toka siku hiyo haijafika popote. Ya pili mlisema imelegea. Haiwezi hata kusimama ikavaa viatu. Mimi unanitwisha wenzangu wote watatu, halafu unaondoka bila kuniona uso."

Namwomba radhi, kwa kuwa hoja yake haina pa kupingwa, na namwomba nimtue.

"Anayetua lazima atazame," anasema. "Ukifumba macho tu, mzigo unarudi kichwani pangu."

Natazama. Tunauteremsha polepole. Unapogusa chini fundo linajifungua lenyewe, na kutoka ndani inainuka ngazi ya chuma inayopanda mpaka juu ya tangi. Steringi, yaani shujaa wa picha, ananing'inia kwenye kipandio cha mwisho kwa mkono mmoja.

"Mzee, umeamka?" ananiita kutoka juu. "Tulikuwa tunaomba tuendelee."

"Umening'inia hapo tangu juzi?"

"Tangu dakika ya sabini."

"Nilidhani steringi hafi."

"Hafi, ni kweli. Lakini bega linamuuma kama la mtu yeyote."

Jambo hilo linanivutia, kwa kuwa sijawahi kupata nafasi ya kumuuliza mhusika. "Kama unajua hutakufa, kelele zote zile unapiga za nini?"

"Adui anakuwa amejitahidi sana. Si vizuri kumvunja moyo."

Adui mwenyewe amesimama nyuma yangu, ana suti na kijiti cha meno mdomoni. "Samahani, naomba kupita," anasema. "Sehemu yangu ni fupi." Nampisha. Anaingia kwenye ua ambao sekunde moja kabla haukuwepo, nami namfuata.

Mwajabu amekaa kwenye kigoda, beseni la mihogo mbele yake. Anaigiza mama wa steringi. Nywele zimepakwa unga ziwe na mvi. Hanioni. Kivuli cha mwanawe anayening'inia kimeanguka uani, karibu na mguu wake wa kushoto.

"Mwanao yuko wapi?" adui anauliza.

"Yupi? Wakati wa kula ninao wengi. Ukija kwa shari sina hata mmoja."

"Usinichezee, mama."

"Kisu hicho hapo. Kaa umenye, tuzungumze. Na usogee, umenizibia mwanga."

Anayasema hayo bila kuinua kichwa. Wakati huohuo mguu wake unalisukuma beseni, kidogo kidogo, mpaka linafunika kile kivuli chote. Adui anakitazama kisu, anamtazama yeye, anasogea mwanga upite, kisha anaondoka kama mtu aliyesahau alichokijia.

Sauti kutoka mahali fulani inasema, "Imetosha." Watu wanainuka. Taa inazimwa, ya pili inazimwa. Mwajabu haondoki. Anaokota maganda chini, anachukua muhogo aliokwisha kuumenya, na kuanza kuyarudisha, moja baada ya jingine, akiyabana kwa kidole gumba kama anayebandika plasta kwenye kidonda. Muhogo unapofunikwa wote, anaulaza ndani ya beseni taratibu.

Robo ya Mwisho yuko pembeni yangu. "Maoni yako?"

"Uhusika wake umejengeka," nasema.

Matofali mawili yanadondoka kutoka kinywani mwangu. Steringi, aliyekwisha kushuka, anayasogeza ukutani watu wasijikwae.

"Ameuvaa uhusika," nasema tena.

Linadondoka gauni. Halina mtu ndani.

"Umebaki na jingine?" Robo ya Mwisho ananiuliza. Uso wake haucheki wala haukasiriki, na nyuma yake shuka limeanza kujifunga fundo upya.

Natafuta. Miaka yote hii nimekuwa na sentensi tayari kwa kila picha, na sasa mfuko wa sentensi hizo uko mtupu. Ninachokipata ni kidogo mno, lakini nakitoa.

"Sijui kwa nini amerudisha maganda," nasema. "Ningependa sana kujua."

Hakuna kinachodondoka. Fundo linalegea. Robo ya Mwisho anajisugua shingo.

"Hiyo haina uzito hata kidogo," anasema, kwa sauti ya mtu anayeshukuru, kisha anakunja kata yake na kwenda zake.

Niliamka saa mbili na nusu. Nilinawa uso, nikampigia Mwajabu kabla hajanipigia.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mwajabu, juzi nililala. Robo ya mwisho sikuiona."

"Najua. Nilikuwa nimekaa nyuma yako. Ulikoroma mpaka mama mmoja akadhani ni pampu ya kwenye picha."

"Sasa ukaniuliza ya nini?"

"Nilitaka nijue utanidanganya mpaka wapi." Sauti yake sasa ilikuwa imeshuka. "Basi ndiyo hivyo. Sina maoni ya mtu ninayemwamini, na saa tatu hii hapa. Acha nikapige pasi koti langu la duka la dawa."

"Maoni sina," nilimwambia. "Nina swali moja. Yule bwana alipokwisha kuondoka, kwa nini ulirudisha maganda kwenye muhogo?"

Nilisikia kitu kama kikombe kikiwekwa mezani.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna."

"Mpiga picha?"

"Simjui hata kwa jina."

"Siku ile nilidhani nimechanganyikiwa," alisema, maneno yakitoka moja moja. "Sikumwambia mtu." Kisha, kwa haraka: "Kaka, nakata. Nampigia yule mwongozaji, namwambia nakuja."

"Na swali langu?"

"Jibu lake hata mimi silijui. Wenzangu walikuwa wameshakwenda kula, na kamera ilikuwa imezimwa."