Baa na Paa

Janeffer alitoa sharti moja tu, na mumewe Kipkorir alitembea nalo kichwani muda wote aliokuwa akilitengeneza lile gari.

"Tone moja likiniangukia kitandani, mimi narudi nyumbani," alisema. Hakusema kwa hasira. Alikuwa akichambua mboga, akaendelea kuchambua.

Gari lenyewe lilikuwa basi dogo la shule, limestaafu kama Kipkorir mwenyewe. Aling'oa viti, akaweka kitanda, jiko la gesi, kabati na sinki. Majirani wa Mogogosiek waliliita nyumba inayotembea, na wale wenye mdomo, kwa kuwa halikuwa limetembea bado, waliliita nyumba tu. Janeffer aliliita hicho kitu chako. Kipkorir hakujali. Maisha yake yote ya kazi aliendesha lori la majani mabichi ya chai kutoka vituo vya kununulia hadi kiwandani, asubuhi anatoka, jioni anarudi, barabara zilezile, matope yaleyale. Siku alipostaafu alipiga hesabu akaona amezunguka masafa ya kumfikisha Marsabit na kumrudisha mara nyingi, na bado hajawahi kuipita Nakuru. Sasa alitaka kuipita, na alitaka Janeffer awe ameketi kando yake. Bila Janeffer ingekuwa kazi ya lori tena.

Sharti lile alilielewa. Watoto wao waliwalea katika nyumba za kiwanda, wakihamishwa kutoka nyumba hii hadi ile kila meneja mpya alipokuja na mipango yake, na hakuna hata moja ambayo paa lake halikuvuja. Ni Janeffer aliyekuwa akisukuma vitanda vya watoto huku na huku na kupanga sufuria sakafuni. Mwanamke wa namna hiyo akikwambia hataki tone, humwulizi sababu.

Kilichobaki ni umeme wa taa, pampu ya maji na friji ndogo. Paneli mbili za sola zingetosha, na kwa mambo ya paneli mtu wa kumwona mjini Kericho alikuwa Joab. Wazazi wake walitoka upande wa ziwa kuja kuchuma chai, naye akazaliwa huko huko shambani, akakua akicheza na watoto wa Kipsigis na kutukanana nao kwa lugha yao. Alikuwa fundi mzuri mwenye maneno mengi.

Alipanda juu ya gari, akalitembea paa akiligonga kwa kisigino, akashuka na njia mbili. Juu ya basi kulikuwa na baa mbili za chuma, mabaki ya keria ya zamani ya mizigo. Paneli zingeweza kufungwa kwenye baa hizo na paa lisiguswe kabisa. Au baa zing'olewe, paa lenyewe litobolewe pale penye mbavu za chuma, bolti zipite hadi ndani zikazwe na bamba, na kila tundu lipate mpira na silikoni. Gundi peke yake hakutaka hata kuisikia. Alisema gundi inataka siku nzima ya jua ndipo ishike, na siku hiyo Kericho sijui utainunua wapi.

Yeye mwenyewe alipenda njia ya pili, kwa sababu baa zile zilikuwa zimeliwa na kutu kwenye miguu, na paneli ikibebwa na upepo barabarani inageuka panga kwa wanaokuja nyuma. Kipkorir alisikiliza na kuitikia kwa kichwa, lakini alichokiona ni matundu juu ya kitanda cha Janeffer. Aliliacha gari kwa Joab, akasema atampa jibu.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu ulimi. Wakipsigis wengi, Kipkorir akiwamo, b na p kwao ni sauti moja iliyovaa nguo mbili. Siku ile uwanjani kwa Joab alipokuwa akieleza anavyotaka, alisema paa akimaanisha baa, kisha baa akimaanisha paa, hadi mafundi wa Joab wakamwuliza kama hiyo baa ina bia. Alicheka nao. Alikuwa amechekwa hivyo tangu shule ya msingi na hakuona jipya.

Joab alipiga simu kesho yake Kipkorir akikamua, mikono yote miwili imejaa maziwa. Simu aliipokea Janeffer.

"Anauliza baa ama paa," alisema.

"Mwambie baa. Mwambie asitoboe kitu."

Janeffer alisogea kuelekea nyumbani, ambako mtandao ulikuwa na nguvu kidogo, akaongea maneno machache, akarudi na kurudisha simu kwenye mfuko wa koti la mumewe. Kipkorir aliendelea kukamua akiwa ametulia moyoni.

Alipokwenda kuchukua gari, kitu cha kwanza alichokiona ni zile baa mbili zimeegemezwa ukutani. Hakuhitaji kuelezwa, lakini alipanda ngazi hata hivyo. Paneli zilikuwa zimekaa sawasawa, zimeinuliwa kidogo tu ili hewa ipite chini, na kila mguu ulikuwa na bolti iliyoingia moja kwa moja kwenye paa. Alishuka. Aliona safari yake ikiishia pale, kabla ya kuanza.

Joab hakujitetea sana. "Mzee, mama alisema paa. Na kwa vile nawajua nyinyi na hizo herufi zenu, nikamwuliza tena. Akasema paa."

Hasira ya Kipkorir ilikosa pa kwenda. Angemlaumu nani, fundi aliyeuliza mara mbili, au mke aliyezaliwa na ulimi uleule alionao yeye? Na bolti hazingeng'olewa, maana hapo yangebaki matundu matupu. Joab akamwagia paa ndoo baada ya ndoo ya maji huku Kipkorir amekaa ndani akitazama juu. Hakukuwa na unyevu wowote. Lakini ndoo ni ndoo, na mvua ya kwao anaijua.

Aliamua kutomwambia Janeffer. Angejilaumu bure kwa kosa la herufi moja. Alipofika nyumbani Janeffer alimwuliza kama kazi imefanywa vizuri, akajibu vizuri sana. Janeffer aliingia garini, akasimama kando ya kitanda akitazama dari kwa muda. Mabamba yalikuwa yamefunikwa kwa ubao, hakukuwa na la kuona. Akatoka, akaenda kwa ng'ombe wake.

Binti yao, Joan, ndiye aliyekuja kubaki na ng'ombe. Siku ya kuondoka Janeffer alimwonyesha yule anayepiga teke, kisha akarudi kumwonyesha tena, akafungua kila chumba cha nyumba yao mpya ya mawe na kukifunga, akapita kwenye majani chai akang'oa magugu ambayo yangeweza kungoja. Kipkorir alipiga honi kwa utani. Alikuwa na furaha ambayo hata yeye aliionea aibu. Alipita Litein akiimba, akapita Kericho mjini akiimba, na Janeffer, kando yake, aliushika mkoba mapajani na kutazama mbele.

Mvua iliwapata Kedowa. Kwanza upepo, kisha matone makubwa, halafu mawe. Kipkorir alilitoa gari barabarani, akaliegesha kando ya vibanda vya viazi, nao wakahamia nyuma. Mvua ya mawe ikipiga bati huwezi kusikia hata mawazo yako. Janeffer alijilaza kitandani chali, macho kwenye dari, pale hasa palipokuwa na bolti. Kipkorir aliketi ukingoni akatazama alipotazama yeye. Aliomba kimoyomoyo, na hakuwa mtu wa kuomba ovyo. Alisema, Mungu, hata likivuja, livujie upande wangu.

Ilinyesha, ikapungua, ikanyesha tena. Ilipokatika, barabara nzima ilikuwa nyeupe na akina mama wa viazi walikuwa wakikung'uta turubai zao. Janeffer alisimama juu ya godoro, akanyoosha mkono, akapitisha kiganja kwenye dari kutoka mwisho huu hadi mwisho ule. Kisha akakitazama kiganja. Kilikuwa kikavu.

Kipkorir hakuweza kujizuia. Alimweleza yote: matundu, bolti, jinsi alivyomficha ili asijilaumu, jinsi ulimi wao ulivyomchanganya Joab wa watu. Alicheka akieleza, kwa kuwa sasa lilikuwa jambo la kucheka.

Janeffer aliketi taratibu. "Ulimi wangu haukukosea," alisema. "Nilisema paa. Nilitaka atoboe."

Kipkorir alidhani ana hofu ya paneli kupeperuka. Akaanza kusema kwamba hata Joab alikuwa na maoni hayo.

"Nilitaka livuje, Baba Joan."

Nje mtu alikuwa akisukuma mawe ya mvua kwa fagio. Kipkorir aliitazama mikono yake. Uchungu ulimpanda, na katikati ya uchungu huo aliona aibu ya kuwa mtu ambaye mkewe anaona ni rahisi kutoboa gari kuliko kumwambia neno.

Alimwuliza kwa nini hakusema mapema. Janeffer akasema angesemaje, na mumewe alikuwa akiamka akiimba. Hakuwahi kumsikia akiimba miaka yote ya lori. Akasema pia kwamba amehamahama vya kutosha, kwamba ile nyumba ya mawe ni ya kwanza katika maisha yake ambayo hakuna meneja wa kumtoa, na kila anapofunga mlango wake usiku husimama kidogo akiusikiliza ufunguo. Alitaka sababu ambayo si yeye. Tone lingekuwa kosa la mvua.

"Sasa halikuvuja," alisema. "Nitasema nini?"

Kipkorir alifikiri. "Sema hutaki."

Janeffer alilijaribu neno hilo kama mtu anayepima kama maji ni moto. "Sitaki," akasema.

Waligeuza gari. Wakarudi hadi Chepseon. Hapo Janeffer akasema kwamba hajasema mumewe asiende. Aende wiki ijayo, atamfungia maziwa ya mgando ya mursik na chapati za njiani, na awe anapiga simu jioni. Kipkorir akaitikia. Hakuimba, lakini alimwuliza kuhusu yule ng'ombe anayepiga teke, na Janeffer akamweleza kwa kirefu, kwa sauti ambayo alikuwa hajaisikia tangu alinunue basi.

Mjini Kericho Joab alikuwa amesimama mlangoni kwake, akaliona gari, akapunga mkono. Kipkorir akapunguza mwendo.

"Mvua ya Kedowa nimesikia ilikuwa mbaya," Joab akasema. "Lilivuja?"

"Halikuvuja hata tone," akajibu Kipkorir.

Joab alimtazama Janeffer, akatabasamu kwa ajili yake. "Si niliwaambia, mama," akasema, akarudi ndani kwenye kazi yake, ameridhika kabisa.