Siku ya Kuchora Njia kwa Majivu

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilidumu miaka mitano, na huenda ningezeeka nayo kama Mzee Maganga asingefariki.

Maganga ndiye aliyekuwa akiwaongoza wanaume wa Ngokolo kwenda Ziwa Eyasi kuchota chumvi, mwendo wa siku kumi na tano kwa miguu, kwenda tu. Masika ya mwaka 1949 homa ikamchukua. Watu walipotoka matangani waliangaliana, kisha wakaniangalia mimi Jilala. Wale aliowahi kuwaongoza walikuwa wamekufa au wamehamia mbali; kwa walivyojua wao, kijiji kizima nilikuwa nimebaki peke yangu niliyewahi kufika huko.

Ukweli ni huu. Mwaka 1944 Maganga hakusafiri, nikaondoka na msafara wa watu wa Segese, mbali na kwetu. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeoa, na mwanamume ambaye hajaleta chumvi ya Eyasi alikuwa hahesabiwi mtu ukweni. Tulipofika Maganzo wakaanza kusimuliana habari za simba na za watu waliokufa kwa kiu, nikaogopa kuendelea. Nikasema naumwa, wakaniacha. Nikakaa pale nikiwakatia kuni wachimba almasi hadi msafara uliporudi, nikawapa blanketi langu, wakanipa mizigo miwili ya chumvi. Wale wakashika njia ya kwao. Mimi nikaingia nyumbani nikipigiwa vigelegele, na mama mkwe alilia kwa furaha.

Hakuna aliyeniuliza nilipita wapi. Kwetu ni mwiko mtu ambaye hajafika ziwani kuuliza habari za njia, hadi siku ya mwisho ya matayarisho, ambapo kiongozi huwachorea wasafiri visima vyote chini kwa majivu. Mwiko huo ulinitunza kuliko mama yangu mzazi.

Nilipoombwa niongoze, nilipaswa kusema. Badala yake nikakohoa kizee, nikatangaza kwamba tutaondoka mtama ukishavunwa. Wanaume sita wakajitokeza, akiwamo Ignas, kaka wa mke wangu, ambaye mkewe alikuwa mjamzito. Na nilifurahi, hilo ndilo linaloniumiza kulisema. Nilipita nyumba hadi nyumba nikikagua, kiuno kimenyooka. Wanawake walisaga unga, wakakata viazi vipande na kuvikausha viwe michembe. Nilikataa viatu vya ngozi ya mbuzi, nikataka vya ng'ombe, utadhani nyayo zangu ziliyajua mawe ya huko.

Siku moja Ignas akataka kujua kila mtu abebe vibuyu vingapi vya maji. Nikamjibu viwili. Nilivitoa wapi hivyo viwili? Kichwani mwangu tu. Kila nilipomwona akivisafisha vibuyu vyake nilimwona amelala chini ya kichaka, ulimi umekauka, na mimi nimesimama pembeni yake sijui maji yako upande gani.

Asubuhi ya siku ya majivu nilikwenda porini, nikasema nakata mti wa mzega, ule wa kubebea mizigo begani. Nikachagua mwiba mrefu wa mgunga, nikaukanyaga kwa kisigino, kisha nikaushindilia kwa jiwe. Nilirudi nikichechemea. Nilitumaini safari itaahirishwa hadi mwakani, na mwaka una mambo mengi.

Nyamizi, mke wangu, akachemsha maji akaanza kunikanda. Wanaume wakaja uani, wakanipa pole, wakashauriana kidogo pembeni. Kisha Ignas akaleta ungo wenye majivu, akauweka mbele yangu, akachuchumaa.

"Shemeji, usisumbuke na mguu," akasema. "Wewe tuchoree visima tu, mimi nitawatangulia wenzangu. Unga huu ukikaa utaingia wadudu."

Nikachota majivu. Nikachora mstari kutoka kwetu hadi Maganzo, kwa kuwa huo niliujua. Mbele yake nikatia alama ya kisima, popote pale mkono ulipoangukia. Nikamwona Ignas anaitazama ile alama huku midomo yake inacheza. Alikuwa anaikariri.

Nikaifuta kwa kiganja.

"Sikufika," nikasema. "Niliishia Maganzo. Chumvi niliipata kwa waliotoka huko."

Nilikuwa nadhani aibu ina moto, kumbe ile yangu ilikuwa baridi hata juani. Mmoja akachukua vibuyu vyake akaondoka bila kuaga. Wengine wakamfuata, wakiambizana kwamba itabidi mtu aende Segese kuwatafutia kiongozi. Ignas hakuondoka.

"Na usingechomwa na mwiba," akaniuliza, "ungetupeleka?"

Hapo ningeweza kujipamba. Ningeweza kumwambia kwamba mwiba niliutia mwenyewe ili nisiwapoteze, na huenda angenisamehe. Lakini nilipokuwa nikipiga lile jiwe sikumfikiria yeye wala mtoto wake aliyekuwa tumboni. Nililifikiria jina langu.

"Ningewapeleka," nikasema. "Na huu mwiba nilijitia mwenyewe, nisije nikaumbuka."

Nyamizi alikuwa bado amekishika kisigino changu. Akakishusha polepole, akakiweka juu ya yale majivu. Kisha akainuka na sufuria, akaenda kuyamwaga maji ya kunikandia nyuma ya nyumba. Yalikuwa bado ya moto.