Rafiki Wangu

Waliokuwapo: Bi Wahida, mwenye nyumba na Mswahili wa kuzaliwa, bintiye Wafaa na binamu zake wanne, ambao ndio waliokuwa darasa, Gilbert, mwanachuo aliyesubiri zamu yake, Danson, mwanachuo aliyekuwa akipimwa, na mimi, msimamizi wa mazoezi ya ufundishaji kwa niaba ya chuo kikuu cha Kikatoliki kilichoko kwetu Kenya, kinachosomesha pia kwa masafa.

Danson, dereva wa familia moja ya mtaa wa Al-Malqa, aliomba ruhusa kwa kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, akaja Jeddah kutoka Riyadh kwa ajili ya kipindi hiki kimoja. Akifuzu, angehitimu na kurudi Kenya akiwa mwalimu. Asipofuzu, usukani ulimngoja.

Alikuja na tai. Alikuja pia na kijiti cha kuonyeshea, ambacho watoto watano katika sebule ya Bi Wahida, mtaani Al-Baghdadiyah, hawakukihitaji. Akaandika ubaoni, kwa mwandiko wa kupendeza: "Rafiki wangu anacheza."

"Rafiki yangu," Wafaa alisema.

"Wangu. Rafiki ana uhai, kwa hiyo yumo katika ngeli ya A-WA. Kanuni ni kanuni."

"Basi na mama, mwalimu? Mama wangu?"

Hapo mtu mwenye akili angesita. Danson alipiga ubao kwa kijiti. "Mama wangu! Darasa zima!"

Darasa zima likaitikia, kwa furaha isiyohusiana hata kidogo na elimu. Bi Wahida akaita kutoka jikoni: "Wafaa, mama wangu, hebu kamwambie baba wako kwamba mwalimu katuletea Kiswahili kipya!"

Gilbert alijifunika uso. "Futa hiyo kitu, bro," alinong'ona. "Yalla, futa."

Nami nilimpa nafasi, kwa adabu. "Mwalimu, ungependa kuitazama tena sentensi yako?"

"Hapana, Madam. Chuoni tumefundishwa kwamba mwalimu hayumbi mbele ya wanafunzi."

Ni kweli, ndivyo tunavyowafundisha. Fomu yetu ina alama kumi za kujiamini, na haina hata moja ya kujisahihisha.

Kipindi kilipokwisha, alinisogelea. "Madam, nihurumie. Bosi hatanipa ruhusa nyingine karibuni. Ni herufi moja tu."

"Herufi moja uliyoitetea mbele ya watoto walioijua kabla hawajaota meno."

Nikasimama, nikawatangazia wote: "Danson hajafuzu. Atarudia kipindi siku atakayopata ruhusa, mbele ya watoto hawa hawa, Bi Wahida akikubali. Gilbert, zamu yako."